Pete ya Vidole Viwili

Kiboriloni, siku ya soko, nimefika mapema
kabla vumbi halijaamka.
Mkobani nina shilingi elfu kumi na nne,
michango ya mia tano mia tano
iliyohesabiwa mara mbili, ikaandikwa daftarini:
*mafumbo ya chekechea.*

Anaeli amemwaga mtumba wake juu ya turubai:
treni, nyumba za theluji, bata mwenye kofia.
"Mwalimu, chukua hili, vipande mia tano! Bei ileile."
Mia tano, Anaeli? Wewe umewahi kulea?
Wanangu kiatu cha kushoto bado ni kitendawili.

Basi nachuchumaa, nachagua.
Kidole gumba na cha shahada naviunganisha, pete,
kila kipande nakijaribu hapo.
Kikipenya, nakirudisha,
maana kinachopenya hapa kitapenya koo la Mkunde,
ambaye dunia yote anaijua kwa kuilamba.
Nalowesha kidole mate, nasugua rangi.
Bata ameniachia njano. Bata, baki na kofia yako.
Nataka mbao, nataka kishikio juu yake
kama kifuniko cha sufuria,
kwa vidole vilivyojua kijiko juzi tu.

Nyumba ya theluji haina bomba la moshi.
"Kipande kimoja tu, hawatajua."
Watajua, Anaeli.
Wa miaka minne atakitafuta chini ya kabati,
chini ya mkeka, chini ya sketi yangu,
mpaka uji upoe.

Simba nimemwacha. Simba hatumjui.
Nimechukua ng'ombe wa vipande vinne,
kwa sababu wa Mama Ndewinia, nyuma ya ukuta wetu,
kila saa nne hudai majani, na darasa zima humjibu.
Nimechukua na basi la vipande tisa.
Hela ikaishia hapo, pamoja na maneno matamu.

Kwa wale wakubwa nikajitengenezea mwenyewe:
kalenda ya mwaka jana, picha ya mlima,
gundi ya unga, katoni ya mafuta ya kula,
nikaulalia usiku kucha chini ya godoro ukanyooka,
asubuhi nikaukata kwa wembe, vipande kumi na viwili,
nikajisifu peke yangu jikoni.

Jumatatu.
Mkunde ameshika kichwa cha ng'ombe,
anakisukuma mahali pa mkia.
Hakiingii. Anakipiga kofi. Hakiingii.
Ananitazama; mimi natazama dari.
Chuoni hawakuniambia
kwamba nusu ya kazi hii ni kuikalia mikono yako.
"Geuza," ananong'ona Elifuraha.
Nikamkata jicho.
Mkunde akainuka, akakipeleka kichwa dirishani,
akakielekeza bandani, akangoja.
*Mooo,* likaja jibu.
Akaridhika. Akakirudisha kikapuni.
Kwake fumbo lilikuwa limekwisha,
mwili wa ng'ombe ukabaki mezani bila habari.

Upande wa pili wakubwa wameujenga mlima:
migomba chini, msitu, kiuno cha mawe,
na juu, penye Kibo, tundu.
Tukakitafuta. Kabati, mkeka, sketi.
Elifuraha akaenda mlangoni, akainua kidevu:
wingu limeketi juu, jeupe, zito, halina haraka.
"Mwalimu," akasema, "hata wa nje haina."
Alisema hivyo hivyo, *wa nje haina*, nami sikumsahihisha.
Wakaenda kunywa uji.

Saa nane, wamekwisha kuchukuliwa wote,
nafagia, nakunja aproni zao ndogo.
Mfukoni mwa ile ya Mkunde kuna kitu chenye unyevu.
Kilele cha Kibo,
theluji yake imelegea kwa mate,
pembeni alama za meno manne.

Nikasimama na ufagio kwapani.
Kidole gumba, kidole cha shahada.
Kikapenya.